Simu ya Bibi Ilivyovuka Mpaka Bila Muhuri

Safari hii ilianza kwa sababu mdogo wake Bibi, aliyeolewa Karonga, Malawi, kabla mama yangu hajazaliwa, alikuwa anamwoza mjukuu wake. Bibi akasema atakwenda hata kwa magoti. Babu akasema sawa, ila kwa sharti moja. Tangu waoane hawajawahi kukosa sala ya jioni pamoja: Bibi anaanzisha wimbo, Babu anasali, kisha ndiyo chakula. Kwa hiyo kila jioni saa kumi na mbili Bibi apige simu, wasali. Ikipita jioni moja hajamsikia, yeye atapanda basi kumfuata.

Ungedhani ni maneno ya mapenzi tu. Lakini Babu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na nyumba yetu ya Ipogolo iko kando ya barabara kuu, pale malori yanaposhuka yakinuka breki. Mama yangu anafanya kazi Dodoma. Babu angebaki peke yake, jirani akimletea chakula. Akiamua kwenda kutafuta basi, hakuna wa kumshika shati. Na Babu akisema jambo hulitenda.

Mimi, Lusia, kidato cha tatu, niliteuliwa mkuu wa msafara upande wa teknolojia. Simu sina, kwa sababu mimi ni mwanafunzi, ndivyo anavyosema mama. Ila ya Bibi naijua kuliko anavyoijua mwenyewe.

Ipogolo, siku moja kabla ya kuondoka, tulikwenda kwenye kibanda cha laini. Dada wa pale alitueleza vizuri: roming, yaani kutumia laini yako nje ya nchi, inafunguliwa ukiwa bado nyumbani, bando la nje linanunuliwa hapahapa, halafu kwenye mipangilio unaruhusu data itumike ukiwa nje. Ukisubiri mpaka uvuke, utahangaika. Akatuonyesha pia jinsi ya kutoa laini kwa kipini, ikigoma, na kuirudisha. Bibi alifuatilia kwa makini kama yuko darasa la kipaimara, akataka na bando la kupiga simu ya video.

"Na hiyo video ni ya nini?" nilimchokoza tulipotoka. "Mume wetu haoni."

Kwetu mjukuu wa kike na bibi ni wake wenza, kwa hiyo nina haki zote.

"Yeye haoni," Bibi akasema. "Mimi naona."

Asubuhi ya safari Babu alitusindikiza hadi mlangoni tu, kwa amri. Bibi alijifunga kitenge kipya juu ya gauni, akambeba jogoo mmoja; kondakta alipomkataa pale barabarani, nikamrudisha kwa Babu. Babu na jogoo wote wawili walionekana kuridhika.

Mafinga baridi, Makambako baridi zaidi. Igawa ndipo joto la Usangu likatupokea, na akina mama wakainua mabeseni ya vitunguu hadi usawa wa dirisha. Bibi alinunua vitunguu vya kutosha kuliza ukoo mzima. Pembeni yetu baba mmoja wa Kisukuma, mfugaji aliyehamia huko na ng'ombe wake, alimuuliza anakwenda wapi.

"Nje ya nchi," Bibi akajibu, akanyoosha shingo.

"Na vitunguu?"

"Kwani nje hawapiki?"

Uyole tulishuka alasiri, tukalala kwa shangazi yangu, anayekaa nyuma ya soko. Jioni tukafanya jaribio. Babu alipokea kwa kupapasa kioo chote mpaka kikakubali, kisha akaiweka simu sikioni. Kwa hiyo video yote ilikuwa sikio. Bibi alisali na lile sikio kwa heshima kubwa.

"Shikamoo sikio," nikasema.

"Lusia, nyamaza, mume wangu anasali."

Shangazi alicheka hadi akatoka nje.

Kesho yake tukapanda gari la Kyela, tukapita Tukuyu kwenye migomba na mvua isiyojua kwamba ni kiangazi. Tulifika Kasumulu mchana. Tukiwa foleni upande wetu wa Tanzania, simu ikalia. Ujumbe: Karibu Malawi. Mnara wa ng'ambo ya mto ulikuwa umeshaikamata. Hapo roming ilikuwa inafanya kazi kama tulivyoambiwa, nami ningenyamaza mambo yangeishia hapo. Lakini mdomo wangu haujafundwa.

"Bibi, mtu wetu kashaingia Malawi," nikamnong'oneza. "Kavuka bila kugongewa muhuri. Na anayeshtakiwa ni mwenye simu."

Bibi ni mzee wa kanisa. Hajawahi kuruka hata foleni ya kisima. Aliniangalia, akaiangalia simu, akamwangalia afisa aliyekaa nyuma ya kioo. Akanituma maji. Niliporudi nilimkuta ametulia kabisa, simu iko kwenye mkoba.

Afisa alikuwa mpole. "Bibi, mna bidhaa gani?"

"Vitunguu, baba. Hakuna kingine. Kweli kabisa, hakuna kingine."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza mara ya pili. Tukagongewa mihuri, tukavuka daraja la Songwe.

Karonga tulifika jua likiwa bado kali. Bibi mdogo, yaani huyo mdogo wake Bibi, alituona tangu barabarani, akaja akikimbia kwa miguu isiyopaswa kukimbia, na wale dada wawili wakashikana. Kwa mara ya kwanza katika safari nzima sikuwa na utani.

Kisha bibi harusi akatolewa nje apokee wageni. Wanawake walikuwa wanatandika vitenge chini ili apite juu yavyo, arudi chumbani. Bibi yangu hakutaka kupitwa. Akafungua kile kitenge kipya kiunoni, akakitandika mbele kabisa. Bibi harusi akakanyaga, vigelegele vikapaa, vitenge vyote vikakusanywa, vikaingia naye chumbani. Ni vyake. Mlango ukafungwa, ndani walibaki mashangazi wanaomfunda, na hadi asubuhi haingii mtu, hatoki mtu.

Saa ya ukutani ilipofika kumi na moja, nikamwambia Bibi bado tuna muda, tunywe chai. Ndipo mume wa bibi mdogo akauliza kama tumekumbuka kwamba Malawi iko nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo Ipogolo tayari ni kumi na mbili! Babu ameshakaa kitini.

Nikachomoa simu. Inasema: hakuna laini.

"Bibi, laini iko wapi?"

Bibi akashika kiuno. Akashika tena, upande wa pili.

"Niliitoa," akasema polepole, "pale mpakani. Nisije nikakamatwa. Nikaifunga kwenye pindo la kitenge."

Sote tukautazama mlango wa bibi harusi.

Nilikwenda kugonga. Shangazi mmoja, mpana kama mlango wenyewe, akafungua ufa.

"Wewe umeolewa?"

"Bado, shangazi. Nina mtihani."

"Basi ukafanye mtihani." Ufa ukafungwa.

Ningeomba intaneti kwenye simu ya mtu, lakini vijana wenye simu kubwa walikuwa wamekwenda kwa bwana harusi. Pale nyumbani palikuwa na simu moja tu, kitochi kidogo cha mume wa bibi mdogo. Namba pekee ambayo Bibi anaijua kichwani duniani ni ya Babu. Akaitaja, nikabonyeza, nikaweka spika, nayo ikakwaruza kila sauti.

"Haloo, nani?"

"Baba Eliza, ni mimi."

"Mimi nani? Simu haijataja jina lako. Namba ngeni hii."

"Mimi mkeo!"

"Wote mnaanza hivyo," Babu akasema kwa ukali. "Kesho utaniambia ile hela nitume kwenye namba hii. Mwizi mkubwa wewe! Na mke wangu mmemfanya nini?"

Akakata.

Ni mimi niliyemfundisha kwamba namba ngeni ni matapeli. Mwanafunzi wangu wa kwanza, na amefaulu vizuri kiasi hicho. Tukapiga tena, hakupokea. Mara ya tatu akapokea, na nyuma yake nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Ule mlango una mlio wake. Na nyuma ya mlango, lori likishuka.

"Anatoka," nikasema. "Bibi, anatoka kwenda barabarani. Mwambie kitu!"

Bibi alikichukua kitochi kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanzisha wimbo wa jioni. Aliuanzisha juu mno, pale ambapo hakuna binadamu atakayeweza kumfuata. Dada yake akajaribu, akashindwa njiani. Lori lilikuwa limeshapita.

"Umepanda," Babu akasema. "Miaka yote nakwambia shuka, unapanda."

"Basi anzisha wewe."

"Mimi kazi yangu kusali. Subiri nifunge mlango."

Akaufunga. Bibi akaanza upya, chini kidogo, kwa ajili yake. Babu akasali kwa ajili ya walioko safarini, kwa ajili ya bibi harusi, na kwa ajili ya mwizi aliyempigia mwanzoni, ili aokoke. Nyumba nzima ya Karonga ikaitikia amina.

Asubuhi bibi harusi alitoka na kile kitenge, fundo la pindoni halijafunguliwa. Alidhani ni zawadi ya siri, akaona aibu kuifungua mbele ya watu. Nikarudisha laini mahali pake, na jioni zilizobaki Bibi aliangalia sikio la mumewe kutoka nje ya nchi, picha safi kabisa.

Tulirudi kwa njia ileile, mabeseni ya Igawa tukayapita tukijifanya tumelala. Nimejifunza nini? Fungueni roming nyumbani kabla hamjaondoka, kama alivyosema dada wa kibandani. Laini ikishaingia kwenye simu, iacheni humo. Wazee wenu wapeni namba za wenyeji mapema, ili wasiwaite wezi. Na mtu mwaminifu kupita kiasi msimtanie mbele ya afisa wa mpaka. Ya Babu na Bibi sidhani kama nimeyaelewa yote.

Maana jioni ya kwanza nyumbani, nikiwa jikoni na Bibi, simu yake iliita. Alikuwa Babu, kutoka sebuleni.

"Mama Eliza, umefika salama?"

"Si nimefika tangu mchana? Tumekula wote!"

"Najua. Sema tu."

Bibi akasogeza sufuria, akakaa kwenye kigoda, akamwambia kwamba amefika salama.