Hosea na Jiwe Laini

Mume wangu Hosea ni mpole kuliko wanaume wote niliowahi kuwaona hapa Tarime, lakini kwenye habari za mawe humwambii kitu. Alitoka Shinyanga kufuata dhahabu, akanikuta nauza vitenge sokoni, akanioa, tukampata Sharon. Huko machimboni, akishuka ndani ya duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, anagonga ukuta kwa nyundo na kusikiliza. Akisema, "Hapa tutoke," wenzake hawaulizi mara mbili.

Basi maumivu yakamwanza ubavuni. Mwanaume mzima anagaagaa sakafuni, jasho linamtoka. Tukapiga eksirei mjini: safi, hakuna kitu. Weee! Maneno yakaanza. Mwenye duara akasema Hosea amechoka kazi, anatafuta sababu. Kaka yangu akasema amerogwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, jamani! Nikawaambia wabaki na maneno yao, nikapanda naye basi la Mwanza.

Mwanza wakamlaza kwenye ile mashine ya mviringo, siti skani. Daktari Orwa akatuita akatuonyesha picha. Figo moja ilikuwa imesinyaa, haifanyi kazi, pengine tangu utotoni. Na kwenye ile nyingine, hiyo hiyo moja anayoitegemea, kulikuwa na jiwe. Jiwe hilo likishuka likaziba njia ya mkojo, Baba Sharon ndiyo basi tena.

"Msikate tamaa, mama," daktari akasema. "Kuna mawe ambayo eksirei inayapita tu, haiyaoni. Mashine hii inayaona, na inatupa namba inayotusaidia kukisia jiwe ni la aina gani. Mawe magumu ya chokaa namba yake huwa kubwa. Hili namba yake ni ndogo, na mkojo wake una asidi nyingi. Nadhani ni lile jiwe laini linaloyeyuka kwa dawa. Siwezi kuapa. Lakini tukijaribu vidonge na maji mengi, huenda tusimpasue kabisa. Halafu mtarudi tupige picha nyingine."

Nikasema asante Yesu kwa sauti, mpaka watu wa nje wakachungulia. Hosea alitangulia nje.

Nyumbani nikamjazia jagi la maji. Hakunywa. Kidonge alikimeza kwa funda moja tu, akageukia ukutani. Kesho yake vile vile. Nikawaka. "Wewe Baba Sharon, unataka kuniachia ujane kwa kiburi?"

"Bora wanipasue," akasema. "Mama Sharon, jiwe gumu halina shida, unalala chini yake mpaka asubuhi. Jiwe laini ndilo linaloua. Na likipata maji, ndiyo kabisa! Masika yamefukia watu wangapi pale? Leo mimi nimwage maji juu ya jiwe laini, tena ndani ya mwili wangu?"

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona ameukumbatia ubavu wake kwa mikono miwili, hasira ikaniisha. Kumbe huyu mtu hakuwa na kiburi, alikuwa anaogopa. Nikakaa kitandani karibu naye.

Nikamkumbuka Elkana, mwenzake wa kazi. Masika yaliyopita duara liliporomoka, njia ikaziba Elkana akiwa ndani. Hosea na wenzake walichimba mpaka wakamtoa hai.

"Elkana alizibiwa njia na nini?" nikamuuliza.

"Udongo."

"Ungekuwa mwamba mgumu, mngemkuta hai?"

"Hapana."

"Basi sikiliza, mume wangu. Hilo jiwe halijakaa juu yako. Ni kifusi, kinataka kukuzibia njia, na aliye ndani ni wewe. Tangu lini aliyefukiwa akaomba kifusi kiwe kigumu?"

Aligeuka kutoka ukutani, akaketi. Halafu akasema, "Lete hilo jagi." Akanywa lote. Akanitania kwamba ningekuwa mwanaume ningekuwa msimamizi wa duara. Nikamjibu hata hivi nilivyo nawaweza.

Tangu hapo alikunywa kweli. Kila asubuhi tulichovya vikaratasi vya kupimia asidi ya mkojo, tukatazama rangi pamoja kama daktari alivyotufundisha. Nyama nilimpunguzia kwa agizo la daktari, na ugomvi wa nyama ulikuwa mkubwa kuliko wa maji. Maumivu yakapungua, lakini siku ya kurudi Mwanza mimi ndiye niliyeshindwa kula. Njia nzima nilisali.

Daktari Orwa akaitazama picha mpya, akairudia. "Limekwisha," akasema. "Njia iko wazi."

Hosea alishukuru kwa upole wake ule ule, akaniomba nimsubiri aende chooni. Nikamfuata mpaka mlangoni. Mwanamke mzima, mkoba begani, nimesimama nje ya choo cha wanaume nasikiliza mume wangu anakojoa. Mkojo ulitoka, ukatoka, haukatiki. Nikalia pale pale kwa furaha, na waliopita wakishangaa niliwaacha washangae.