Siku Baba na Mjomba Walipotafuta Jina la Serikali

Juzi, chuoni Njoro, wenzangu walibishana hadi chai ikapoa: serikali hii ni ya kifashisti au ya kisoshalisti? Nilikuwa na hoja zangu, lakini nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, enzi za ukoloni, kwenye shamba la mzungu, hewa ikinuka maua ya pareto yaliyoanikwa.

Asubuhi hiyo askari walikuwa wamemchukua mama kwa lori, pamoja na wanawake wengine wa laini yetu, safu ya nyumba za vibarua. Baba aliketi nje na mjomba, kaka yake mama, aliyepigana na Waitaliano kule Abisinia.

"Huu ni ufashisti, shemeji," mjomba alisema. "Mimi nimeuona."

"Wacha! Wametuweka kambi moja, tunachimba mitaro pamoja bila mshahara. Si huo ndio usoshalisti?"

"Na mzungu wako anachimba na nyinyi?"

Baba ndiye aliyekuwa akitibu ng'ombe wa shamba, na hakuwa akitoa dawa kabla ya kujua jina la ugonjwa. Nikadhani hata hapa ilikuwa hivyo. Walipotulia, nikauliza, "Baba, mmeshalijua jina? Sasa mama atarudi leo?"

Baba aliinuka, akaenda jikoni kutafuta mahali mama alipoweka kiberiti.