Mama Mikia Hauzi Mbwa Asiyempima

Kabla hakujapambazuka, kitasa cha mlango wa jikoni kinalia: kwii! Mama Mikia anatoka na beseni lililotandikwa blanketi kuukuu. Anawabandua watoto wa mbwa mmoja mmoja kwenye chuchu za mama yao, Kito, anayemtazama bila kunguruma.

"Nisamehe, mama mwenzangu," anamwambia. "Wakishapimwa watanyonya mpaka wachoke wenyewe."

Watoto wanalia. Anakaa chini kando ya beseni, anawafunika, anapiga miayo. Uchovu wake si wa usiku mmoja.

Leo daktari wa mifugo atawapitishia pamba ndani ya mashavu, ipelekwe maabara. Mara ya kwanza kupimisha uzao, Mama Mikia aliwaacha wanyonye kwanza ili watulie. Pamba ikazoa chembe za mama zilizobaki mdomoni pamoja na za watoto, majibu yakavurugika, kazi ikaanza upya.

"Nilitaka wasilie," anasema. "Huruma yangu ndiyo iliyoharibu."

Jina lake amepewa na majirani, maana hapiti njia bila mkia nyuma yake. Miaka ya nyuma alimpandisha Kito kwa dume la shemeji yake. Wote wawili walikuwa wazima, macho makali. Kumbe kila mmoja alibeba ugonjwa wa macho uliojificha katika damu. Mtoto wao mmoja, Shaba, aliurithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Hata hajawa mbwa mzima sawasawa, akaanza kujigonga kwenye milango.

Tangu hapo Mama Mikia hapandishi bila kupima. Mwaka huu amepata uzao mmoja tu. Zamani alipata hata mara tatu kwa mwaka. Dume la safari hii lilipimwa, ni safi, kwa hiyo watoto hawa wote wataona. Anachotaka kujua ni yupi kaubeba ugonjwa, asije akazalishwa ovyo huko aendako.

Jua linachomoza, shemeji anafika na bahasha ya pesa. Ndiye humtafutia wateja, na anawataka watoto wote awalipie leo, wakishaacha kunyonya awachukue.

"Shemeji, mbwa ni mbwa! Mbona wewe na kaka yangu hamkupimana hivi?"

"Ndiyo maana nikaangukia shemeji kama wewe."

Shemeji anacheka, halafu anakaza uso. "Nikitoka hapa na bahasha hii, wateja wangu usiwahesabu tena."

"Basi, baba, sitawahesabu. Lakini chai ipo jikoni. Kunywa kwanza."

Anakunywa, anaosha kikombe chake, anaondoka na bahasha yake. Mama Mikia anamtazama mpaka anapotelea kwenye kona.

Mchana, daktari akishaondoka na pamba zake, mama huyu anajikokota hadi kwenye ghala wanalolinda Shaba na mzee mmoja mlinzi. Shaba haoni tena. Bakuli lake mzee hajawahi kulihamisha, asije akalikosa. Hata ukuta ulipopakwa rangi, aliwaambia mafundi walizunguke.

"Yule atakayeonekana kaubeba nitamleta kwako," Mama Mikia anamwambia. "Nitamhasi, hatazaa. Lakini ataona, amwongoze mwenzake."

"Nitampokea kwa mikono miwili," mlinzi anajibu, akimsogezea kiti chake cha pekee. "Ila wewe usingoje majibu ya maabara, mama. Njoo tena kesho kutwa. Tazama huo mkia wa Shaba; tangu uguse geti haujatulia."