Mlevi wa Tano

Nimechukua muda mrefu kabla ya kuandika haya, kwa sababu aibu yenyewe bado ina joto, na nikipita kituo cha kupokelea majani ya chai kuna watu ambao mpaka leo hunisalimia kwa kuinua vidole vitano, halafu wanacheka. Wana haki. Nilichofanya siku ile hakuna aliyenituma wala aliyeniuliza, na kama ningekaa kimya nikingoja lori kama watu wengine, jirani yangu Joel hangepata taabu aliyoipata.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana bila hilo hamtaelewa ujinga ulitoka wapi. Mimi ni mkulima mdogo wa chai upande wa Kimulot, niliachia shule darasa la saba, na yote ninayojua zaidi ya hapo nimejifundisha kwa magazeti ya zamani, vitabu vya kuazima, na daftari ninamoandika kila neno nisilolielewa. Asilimia nilijifundisha nikiwa na miaka thelathini na mbili (nilizifurahia kuliko vile wengine hufurahia kununua gari). Ndiyo sababu watu wa kituo chetu walinichagua kuwa katibu, na tangu hapo hakuna anayeniita kwa jina, ni Katibu tu, hata mke wangu akikasirika.

Wiki ile nilikuwa nimepata ripoti ya takwimu za taifa kuhusu ulevi, nikaisoma siku tatu nikipiga mistari kwa rula, na ndani yake kulikuwa na sentensi moja iliyonikaa kichwani, kwamba katika kila wanaume kadhaa wa nchi hii mmoja amezidiwa na pombe. Namba yenyewe siiandiki hapa. Imenitendea vibaya vya kutosha, au tuseme ukweli, mimi ndiye niliyeitendea vibaya.

Jumatatu lori la kubeba majani lilichelewa. Vikapu vimejaa, jua kali, watu wamekaa chini ya paa la mabati, na watu wakikaa bila kazi mimi huona kama nafasi ya kuwaelimisha. Nikawasomea ile sentensi. Mmoja akasema hizo ni namba za watu wa mjini, sisi huku ni watu wa kanisa na ng'ombe, na wengine wakakubaliana naye, wakataka kurudi kwenye hadithi za mvua. Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. Lakini ripoti ilisema nchi nzima, na mimi nilikuwa nimepiga mstari chini ya neno "nzima" mara mbili.

Sasa, kwetu karani akipokea majani huingiza mkono ndani ya kikapu, anatoa kiganja kimoja, anaangalia ni mangapi yana majani mawili na chipukizi na ni mangapi yamekomaa, na kwa kiganja hicho anahukumu kikapu kizima. Hakuna mkulima anayebishana na jambo hilo, tumezaliwa tukiliona. Basi nikasimama nikawaambia kwamba nchi ni kikapu na sisi hapa ni kiganja, na kilichomo kikapuni lazima kiwemo mkononi. Niliona imewaingia, na nikajisikia vizuri sana (nakiri hilo kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi).

Kosa langu lilikuwa hapo, ingawa nilichukua siku nne kuliona. Karani huchanganya kikapu kwanza kabla ya kutoa kiganja. Sisi hakuna aliyetuchanganya na mtu. Sisi ni majani ya kichaka kimoja.

Lakini siku ile nilikuwa nimeshika kalamu. Nikahesabu wanaume wote waliokuwa pale, mbele kwenda nyuma na nyuma kuja mbele, nikagawanya, nikapata wanne na kipande. Kipande kilizidi nusu kidogo. Kwa kuwa mtu hagawanyiki, nikakipandisha.

"Watano," nikasema. "Hapa tulipo, watano wetu wamezidiwa na pombe. Hesabu haidanganyi."

Nilitarajia watatafakari. Badala yake mama mmoja aliyekuwa na kikapu chake mbele akasema kwa upole kwamba kama karani amekataa kikapu, kazi ni moja tu, tumwage tuchambue. Na kweli, hivyo ndivyo sisi hufanya, kikapu kikikataliwa mwenyewe anakimwaga kwenye gunia na kutoa jani baya moja moja mpaka liishe. Nilikuwa nimewapa mfano, wakaufuata mpaka mwisho.

Wanne walipatikana kwa dakika mbili. Wawili hawakuwepo siku ile (kwa hivyo hawakuwa hata ndani ya hesabu yangu, nilijaribu kueleza hilo, hakuna aliyesikia). Wa tatu alikubali mwenyewe kwa kuinua mkono. Wa nne alikuwa Kiplangat, ambaye hunywa waziwazi na hana siri na mtu, na kila mtu anampenda kwa sababu hiyo. Basi kukabaki mmoja, na watu wakaanza kutazamana, akina mama wakatazama waume zao upya kabisa, na kicheko kikapungua.

Kiplangat ndiye aliyeona mambo yanaelekea wapi. "Katibu, mimi nihesabu mara mbili," akasema. "Ninakunywa ya watu wawili. Malizia hapo, twende nyumbani."

Watu wakacheka, na huo ulikuwa mlango, ulikuwa wazi kabisa, mlevi mwenyewe ameufungua kwa huruma. Na mimi, mtu mzima, katibu, nikajibu kwamba haiwezekani, mtu mmoja huhesabiwa mara moja.

Ndipo Joel akafika. Joel ni jirani yangu tangu tupakane mpaka, mtu mpole, mshiriki wa kanisa, hazungumzi sana. Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa koito ya binti yake Chebet, yaani siku ambayo watu wa bwana harusi kutoka upande wa Litein wangekuja kukaa na familia kukubaliana mambo ya ndoa, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wa Joel, kwa sababu ati najua kupanga maneno. Alikuwa amechelewa. Akainua kikapu akitundike kwenye mizani, na mikono yake ikatetemeka, ndoano ikakosa mara moja, ikakosa mara ya pili. Niliona watu hamsini wakimaliza kuhesabu kwa wakati mmoja.

"Kuna nini?" Joel akauliza.

Nikamwambia hakuna kitu, tunafanya hesabu kidogo tu.

Jioni nilimsimulia mke wangu, nikitaka aone vile mfano wa kikapu ulivyokuwa mzuri. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kama nilisema kwa sauti kwamba si Joel. Nikamwambia sikuwa na ushahidi kuhusu mtu yeyote mmoja, takwimu hazisemi juu ya mtu mmoja. Akaniuliza kwa nini basi sikuwaambia hivyo walipokuwa wanatafuta mmoja. Nikaenda kuangalia ng'ombe.

Alhamisi watu wa Litein walituma ujumbe kwamba hawatakuja Jumamosi, wamesikia mambo fulani na wanataka kwanza kuelewa nyumba wanayooa. Hao ni watu wa kanisa wa kabisa kabisa, ambao pombe kwao haina ndogo na kubwa. Ujumbe ulifika nyumbani kwa Joel asubuhi, na saa nne alikuwa mlangoni kwangu, hakutaka kuketi.

"Katibu, ulisema mimi ni wa tano?"

"Sikukutaja, Baba Chebet. Naapa sikutaja mtu."

"Hukunitaja. Ulitengeneza kiti, watu wakanikalisha."

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia kwamba hata huyo wa tano hakuwa mtu, alikuwa kipande tu, zaidi ya nusu kidogo, mimi ndiye niliyekipandisha. Nilidhani itamsaidia.

"Kwa hivyo mimi ni nusu ya mlevi na kidogo juu," akasema, akaondoka, na pale mpakani akasimama akanijulisha kwamba Chebet amekataa kula.

Ijumaa nikachukua ripoti na daftari nikapanda pikipiki mpaka Litein kurekebisha mambo. Sikumwambia mtu. Nilivaa koti. Njiani nilipanga hoja zangu kwa utaratibu, kikapu, kiganja, kuchanganya, kipande, na nikafika kwao nikapokewa kwa heshima, nikapewa chai, wakaketi wajomba na baba wadogo wa bwana harusi, na shangazi yake, mama mmoja mnene mwenye miwani aliyekuwa anashona kitambaa bila kuniangalia. Nikaongea karibu saa nzima. Nikachora hata duara. Wazee walikuwa wanaitikia kwa kichwa, nami nikadhani wanaelewa.

Nilipomaliza shangazi akaweka sindano chini.

"Nisaidie kidogo, Katibu. Hapo kituoni kwenu walevi ni wangapi?"

"Kwa ukweli, mama, sijui."

"Inaweza kuwa hakuna hata mmoja?"

"Inawezekana."

"Na ishirini?"

Mtu mwenye akili angenyamaza hapa, lakini mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii nitasema lililo sahihi peke yake. Nikasema inawezekana, ingawa si rahisi.

Akawageukia ndugu zake. "Jumatatu walikuwa watano. Leo ni ishirini, na huyu ndiye amekuja kuwatetea."

Hawakucheka kwa nguvu, walikuwa watu wa adabu, ila mjomba mmoja alitoka nje akakaa huko muda. Mimi nilitazama kikombe changu. Halafu yule mama akanisogelea akapunguza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Huyu Joel umemjua kwa miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Umewahi kumwona amelewa?"

"Sijawahi."

"Umewahi kusikia harufu?"

"Hata siku moja."

"Sasa mbona hukuanza na hilo?"

Nikafunga daftari. Nikamwambia kweli nilipaswa kuanza na hilo. Akaitikia, akachukua sindano yake, halafu kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo akauliza mikono ya Joel basi inatetemekea nini.

Nikasema sijui.

"Miaka ishirini na miwili," akasema, si kwangu hasa, akaendelea kushona. Alipomaliza mstari ule akaniambia nirudi nikamuulize, kisha aje mwenyewe na mke wake. Mimi nisije.

Nilimkuta Joel ndani ya chai yake, anachuma. Sikujua nianzie wapi, nikasimama mstari wa pili, nikaanza kuchuma pia, nikitupa kwenye kikapu chake. Nikamuuliza kuhusu mikono. Akachuma mpaka mwisho wa mstari, kisha akaniambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, daktari alimwambia miaka miwili iliyopita, anatumia vidonge, na vidonge havirudishi nyuma, vinachelewesha tu. Mke wake anajua. Chebet hajui. Hakutaka binti aolewe akiwa na wasiwasi, au aseme haolewi, abaki nyumbani kumchumia baba yake majani. Na sasa, ili aondolewe jina la mlevi, ilibidi auseme ule ugonjwa mbele ya watu wasiomjua, na kabla ya hapo amwambie mtoto wake. Hiyo ndiyo kazi niliyompa kwa kipande changu cha desimali.

Alisema yote. Alimwambia Chebet jioni hiyo, na wiki iliyofuata wakaenda Litein Joel na mke wake. Koito ilifanyika baada ya wiki tatu na ilikuwa nzuri, shangazi alikuja na miwani yake, mursik, maziwa yetu ya kibuyu, yalinywewa, msemaji alikuwa mtu mwingine na alisema vizuri kwa maneno machache. Mimi nilibeba viti. Nilipokuwa nikirudisha vya mwisho Joel alinikuta langoni, mikono yake ikitetemeka waziwazi, hakuwa anaificha tena, nikamwambia angalau sasa mambo yako wazi na hana mzigo.

"Ningesema mwenyewe, Katibu," akanijibu. "Nilikuwa nachagua siku."

Nikapeleka kiti cha mwisho.

Ripoti bado ninasoma, siwezi kudanganya, na bado ninapiga mistari kwa rula. Lakini nimeapa kwamba namba ya taifa zima sitaigawanya tena juu ya watu ninaowaona kwa macho. Mtu akiniuliza, na sisi hapa kituoni je, namjibu kwamba sijui. Ni neno chungu kwa mtu aliyezoea kuulizwa, na kila ninapolisema kuna mtu nyuma huinua vidole vitano.