Popo wa Ghorofa ya Saba

Enzi zetu, mama wa mtu akisafiri Uchina, mtaa mzima Mombasa ulijua. Alirudi na marobota ya vitambaa, nasi tukaivamia ile plastiki yenye malengelenge, tukaipasua mpaka tukafukuzwa. Ninyi mliobaki nyumbani mkingojea viatu vya kuwaka taa mlinionea gere nilipochukuliwa mimi. Wacha niwaambie leo: hamkukosa kitu.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi yangu alikuwa amefariki, mama hakuwa na wa kumwachia mtoto, basi tukaenda sote Guangzhou, tukapanga chumba ghorofa ya saba, mtaa wa Xiaobei. Asubuhi mama alikwenda soko la Zhongda kuchagua vitambaa, akiniachia wali kwenye sufuria na amri moja: "Usivuke korido." Siku aliyonichukua sokoni niliona watu wakila wamesimama na kujadiliana bei kwa kubofya kikokotoo. Walinishika nywele, wakacheka, wakaendelea na yao. Ukiulizia kitu ambacho hawana, hawainui hata macho: "Mei you." Hakuna.

Koridoni nilicheza kibe, ule mchezo wetu wa kujificha na kutafutana. Nilifumba macho ukutani, nikahesabu mpaka ishirini, nikageuka. Hakukuwa na wa kumtafuta. Nilikuwa mpweke, jamani, hadi nikawa naisalimia friji.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa ajuza wa Kichina mwenye kandambili za waridi. Siku moja alinikuta nikihesabu, akajigonga kifuani, akasema, "Popo." Nilicheka nikaketi chini. Kwetu popo ni yule anayening'inia kwenye mti wa mkungu na kututupia makokwa! Naye akacheka, akanipa yai la kuchemsha. Tangu siku hiyo nilikuwa na wa kumtafuta. Popo alijificha nyuma ya pazia lake, kandambili zikionekana, nami nikajifanya sizioni.

Alasiri moja mama alirudi mapema, akatoka kwenye lifti akanisikia nikipiga kelele: "Popo! Popo wee, nimekuona!"

Alinishika sikio. "Maimuna! Mtu wa makamo ya bibi yako wamwita popo?"

"Mwenyewe kasema ndiye Popo, mama."

"Mtu gani mwenye akili zake atajiita popo? Kesho utamwita Bibi, na umwombe radhi!"

Enzi hizo mzazi akisema, amesema. Kesho yake nilisimama mlangoni pake nikaita, "Bibi! Bibi!" Sikujua kwamba kwa lugha ya kule bibi ni mtoto mchanga. Alitazama huku na huku, akachungulia nyuma yangu, akimtafuta mtoto asiyekuwapo. Kisha akatikisa kichwa, akarudi ndani. Kumwita Popo niliogopa, kumwita Bibi haitiki. Nikajifungia. Nilizisikia kandambili zake zikija mpaka mlangoni petu, zikisimama, zikirudi, na sikufungua. Hilo hadi leo linaniuma.

Aliyetufumbua macho ni Maman Béa, Mkongo aliyekuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo jengo la Tianxiu. Mama alimhadithia utovu wangu wa adabu, mwenzake akashika mbavu kwa kicheko.

"Mais non, mama! Popo kwabo ni grand-mère! Ni bibi huyo!"

Mama hakucheka. Alinunua machungwa njiani, tukapanda, tukabisha mlango wa pili. Alifungua fundi wa rangi, brashi mkononi. Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu, pazia limeondolewa.

"Popo?" nikauliza.

"Mei you."

Machungwa yale tuliyala wenyewe.

Watoto wa siku hizi hawajui kibe. Wanacheza na watu wasiowaona, chaji ikiisha ndipo wanagundua wako peke yao. Sisi tulijificha ili tutafutwe, na kutafutwa kulikuwa utamu wake. Mama sasa ni mzee, na mwenyewe aliwafundisha wajukuu wamwite Popo. Majirani wakishangaa, yeye huitika kwa sauti zaidi. Jumapili huwaambia wanangu wahesabu, akaenda kujificha nyuma ya pazia la sebuleni, miguu nje. Wao hufika tano, simu ikalia, wakamsahau. Naye hatoki, anangoja.

Basi huinuka mimi. Naweka uso ukutani, nafumba macho, nahesabu mpaka ishirini.