Dhiraa Tisa za Mjomba

Tulipokuwa tukiitengeneza upya nyumba ya marehemu babu pale Tibirinzi, mwanzoni mwa miaka ya sitini, nilipima chumba cha mama kwa mkono wangu, kiwiko hadi ncha ya kidole. Dhiraa tisa. Nikarudia, tisa. Mjomba, ndugu yake mama, akaenda Kisiwa Panza kututafutia boriti za mkoko za urefu huo, maana masika yalikuwa yashakaribia na chumba hakina paa.

Akarudi nazo ishirini. Nilizihesabu mara mbili, zote zimo. Lakini tulipopandisha ya kwanza, ilipungua shubiri nzima kuufikia ukuta wa pili. Na zote zilikuwa hivyo hivyo. Nikasema moyoni, mjomba kazikata ncha, keshajipatia kuni.

Nikajipitisha jikoni kwake, mkewe anapika. Mkoko unawaka.

“Kuni hizi za wapi, mkaza mjomba?”

“Za pwani. Na majivu nikuwekee uyapime?”

Mjomba alisikia. Hakugomba. Alinikalisha, akaweka kiwiko chake ubavuni mwa changu juu ya meza. Kidole chake kiliishia kwenye pingili ya mwisho ya changu.

“Ulinambia dhiraa tisa, mpwa wangu. Hukunambia mkono wa nani. Nimepima kwa wangu.”

Tukaunenepesha ukuta kwa ndani, mimi na yeye, kwa mawe na udongo, hadi boriti zikakaa. Mvua ilitukuta tushaezeka.

Mama alipoingia, alikizunguka chumba, akauliza nani kamwibia nafasi yake ya kitanda. Mjomba akanitazama mimi.