Picha ya Nne

Juma lililopita, kwenye kaunta ya duka la picha hapa Mahajanga, dada mmoja alipanga picha saba alizopiga usiku kutoka juu ya paa, akaziunganisha ukingo kwa ukingo mpaka mji mzima ukaonekana. Ya nne ilikuwa giza tupu, maana mtaa ule umeme ulikuwa umekatika.

"Hiyo itoe, dada," mwenye duka alimwambia kwa Kimalagasi. "Unga ya tatu na ya tano. Nani atajua?"

"Sisi tunaokaa humo." Akagusa nukta ya njano ambayo hata mimi, niliyesimama kando yake, sikuwa nimeiona. "Hiki kibatari chetu."

Akaipaka gundi, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika.

Nikimsikia tena kiongozi akisema mji wetu wote una taa, nitamwuliza ameunga picha ngapi.